Likembe ya baba yangu na gitare ya Granada



Tangu niliporudi mmeniuliza mara nyingi: Katekista wetu, uliona nini kule Ulaya? Nami nimewajibu haraka haraka. Nimesema niliona theluji juu ya mlima, niliona magari ya moshi yanayokimbia kama mshale, niliona wazee wanaotembeza mbwa kwa kamba. Hayo yote ni kweli. Lakini jambo lenyewe lililonigusa sikulisema, kwa maana ni refu, tena lina haya ndani yake. Leo nalileta kwenye karatasi.

Mwaka 2022 nilitumwa Hispania kwa masomo ya miezi 9, pamoja na makatekista wa nchi nyingine. Nilikaa Granada, mji wa kusini, katika nchi ya Andalusia. Ni mji wa vilima. Juu ya kilima kimoja iko Alhambra, jumba la wafalme Waislamu waliotawala pale mpaka mwaka 1492. Ng'ambo ya bonde ni mtaa wa Albaicín, nyumba nyeupe na njia nyembamba za mawe. Mtu akipita na kitanda, mwingine lazima arudi nyuma. Mbele kidogo ni Sacromonte, ambapo Wagitano walichimba nyumba zao ndani ya mlima. Mimi nilipewa chumba Albaicín, kwa mjane mmoja aliyenipikia dengu kila Jumatatu.

Sanduku langu lilikuwa na nguo chache, vitabu viwili, na likembe. Sisi Waluba twaiita kisanji. Lakini nitashika jina la likembe kwa sababu wote mnalijua. Ni kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma. Yangu ina ndimi 10, na penye kila ulimi kuna pete ndogo ya waya inayotetemeka na kutoa sauti kama ya nzi. Ilikuwa ya baba yangu, aliyekufa mwaka 2016. Alikuwa mlinzi wa usiku huko Kamina. Mlinzi asiye na likembe hulala, alisema, na mlinzi akilala mwizi huamka.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mtaa nikiipiga polepole, juu ya upweke tu. Mzee mmoja wa miaka 60 na zaidi akapita, akasimama. Hakusema neno. Akaondoka, nikadhani nimemchukiza. Kumbe alikwenda nyumbani kuchukua gitare yake! Akarudi, akakaa ngazi ya chini yangu, akasikiliza, kiisha akagonga ubao wa gitare kwa ukucha, akifuata mwendo wangu. Tulikaa hivyo mpaka taa za Alhambra zikawaka. Mtaani wote walimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita ndugu.

Sasa nieleze kidogo gitare ya flamenko, kwa maana si gitare ile ya rumba mnayoijua, yenye nyaya na umeme. Mbavu zake na mgongo wake ni za mberoshi, mti ule mnaousikia katika Maandiko Matakatifu. Uso wake ni wa msonobari. Ni nyepesi sana, ukiishika wadhani umeshika ndege. Nyuzi zake zimelala chini, karibu na ubao wa shingo, ili vidole vikimbie. Kwa hiyo zikipigwa kwa nguvu huparuza. Usoni hubandikwa kibamba chembamba, ili mpigaji agonge kwa vidole bila kuumiza mbao. Hivyo mtu mmoja anashika kinanda na ngoma pamoja. Umbo la gitare ya Hispania tunaloliona leo lilitengenezwa zaidi na fundi Antonio de Torres wa Almería, aliyekufa mwaka 1892. Katika Granada mafundi wangali wanazitengeneza kwa mikono, wengine katika barabara ya Cuesta de Gomérez inayopanda kwenda Alhambra. Nilipita pale mara nyingi kunusa mbao. Bei sikuuliza.

Zamani gitare ilikuwa mtumishi wa mwimbaji. Mwimbaji akilia, gitare inamshika mkono. Akinyamaza kuvuta pumzi, inasema maneno mawili, basi. Mwaka 1922, katika uwanja mmoja wa Alhambra, Manuel de Falla na Federico García Lorca na wenzao walifanya mashindano makubwa ya nyimbo hizo za kale, wakiogopa zisipotee. Ni mashindano ya waimbaji. Miaka 14 baadaye, mwaka 1936, Ramón Montoya alinasa sauti ya gitare peke yake huko Paris, bila mwimbaji, na watu wakasikia kwamba mtumishi naye ana neno lake.

Mwalimu aliyajua hayo yote, tena alipenda kuyasema akiwa anakata kitunguu. Siku nyingine alinisikilizisha sahani inayoitwa Songhai, ya mwaka 1988, ambamo kundi la Ketama, baadhi yao wa ukoo wa Habichuela wa Granada, walipiga pamoja na Toumani Diabaté wa Mali na kora yake. Ndipo nami nikaona vibaya kukaa mikono mitupu. Nikamtafutia katika simu wimbo wa Masanga wa Jean Bosco Mwenda, ambao Hugh Tracey aliunasa mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mwalimu akausikiliza mara nne. Akaniuliza: Ni wangapi wanapiga? Nikajibu: Ni mmoja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Akasema hapana. Nikasema ndiyo. Akachukua gitare yake akajaribu, akashindwa mwendo wa gumba, akacheka mpaka akakohoa. Siku ile nilitembea kichwa juu kidogo.

Basi, Mwalimu alikuwa na nia ya muda mrefu: kunasa sahani ya gitare, nyimbo 9, pamoja na vyombo vya asili tu, visivyo na umeme. Si kwamba alichukia umeme. Alisema kwamba katika sahani nyingi za siku hizi sauti za vyombo zimesuguliwa mno, kama viatu vya askari, na hazionyeshi tena mti wala ngozi. Akakusanya watu. Mmoroko mmoja, mzaliwa wa Tetuán, alileta udi. Wahispania nao wana kinanda kiitwacho laúd, na jina hilo limetoka kwa Waarabu. Jirani mmoja alileta zambomba, chungu kilichofungwa ngozi mdomoni na unyasi umesimama katikati. Husuguliwa kwa mkono wenye maji, nacho hunguruma. Andalusia huipiga zaidi wakati wa Noeli. Katika Kongo pia tunazo ngoma za kusugua, na nilipoisikia mara ya kwanza niligeuka kutazama nyuma yangu.

Kijana mmoja alileta kahoni. Ni sanduku la mbao. Mpigaji huketi juu yake na kupiga uso wake kwa viganja. Nilidhani ni chombo cha Wagitano tangu kale. Kumbe sivyo! Kilitoka Peru, kwa watu weusi, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika, ambao walipiga masanduku kwa kukosa ngoma zao. Mwaka 1977 Paco de Lucía, mpiga gitare mkubwa kuliko wote wa wakati wake, alikwenda Peru, akamsikia Caitro Soto akikipiga, akarudi nacho Hispania. Rubem Dantas, Mbrazili, akakipiga katika kundi lake, na leo ni vigumu kuona kundi la flamenko lisilo na kahoni. Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa nimekalia lile sanduku kama kiti. Niliinuka.

Na mama mmoja, mwenye miaka kama ya mama yangu, alileta mikono yake. Msicheke! Makofi katika flamenko ni kazi ya watu waliofundishwa. Kuna makofi makali ya vidole juu ya kiganja, na makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, na anayekosea huharibu yote.

Mwalimu akaniambia: Ndugu, na wewe utaleta likembe, wimbo mmoja, buleria. Nikakubali kabla sijafikiri.

Pahali pa kunasia palikuwa kanisa dogo lisilotumika tena, juu ya kilima, lenye kuta nene na dari la mbao. Fundi wa sauti alikuwa kijana kutoka Madrid, mwenye adabu, mwenye mashine nyingi. Yeye alitaka kila mtu apige peke yake, akisikia wenzake masikioni pamoja na mlio wa kuhesabu, tak tak tak, kiisha angeziunganisha sauti zote. Njia hiyo ina faida: ukikosea, wewe tu unarudia. Mwalimu akakataa. Alisema buleria si saa ya ukutani; inapumua, inavuta nyuma kidogo na kukimbia mbele kidogo, na watu wasipotazamana macho hawawezi kupumua pamoja. Basi tukae mviringo, sote katika chumba kimoja. Fundi akasema: Hapo sauti ya kila mmoja itaingia katika mikro ya mwenzake, mmoja akikosea sote tutarudia, wala sitaweza kufuta kitu. Mwalimu akajibu: Vizuri.

Nilipenda kumtazama yule kijana akifanya kazi. Mikro ya gitare hakuielekeza kwenye tundu, kwa maana tunduni sauti huunguruma kama pipa. Aliiweka mbali kiasi cha mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, ikitazama pale shingo inapokutana na mwili. Mbele ya kahoni aliweka moja, nyuma nyingine. Mwalimu naye alikuwa akitengeneza kucha zake kwa gundi na msasa, kwa uangalifu kama padri anayefunika kikombe.

Ikafika zamu ya likembe. Nikapiga kidogo. Fundi akavua vile vya masikioni, akavivaa tena, akakagua waya, akabadili waya, akasema: Kuna kitu kimeharibika, nasikia mparuzo. Nikamwambia: Ni pete hizi. Akafurahi: Basi, tuziondoe! Akachukua koleo ndogo mfukoni. Mimi nilinyamaza. Lakini Mwalimu alipiga nyuzi zake kwa nguvu, zikaparuza, akamwuliza: Na hii je, utaiondoa? Mpiga gitare wa muziki wa darasani angesema gitare yangu ni mbovu. Sisi twasema inaongea. Mwache nzi wake. Kijana akarudisha koleo mfukoni, tena baadaye alikuwa yeye mwenyewe akisogeza mikro karibu ili zile pete zisikike vizuri.

Matata yenyewe yalikuja baadaye. Tulipojaribu pamoja, gitare na likembe hazikupatana. Kila chombo peke yake kilikuwa kizuri. Pamoja vilikuwa kama watu wawili wanaosali Rozari, mmoja yuko fumbo la pili na mwingine la tatu. Fundi akaniwekea simu yake, yenye kupima sauti kwa sindano ya kijani na nyekundu. Karibu ndimi zangu zote zilionyesha nyekundu. Akasema kwa upole: Ni jambo la dakika mbili. Kila ulimi ukisukumwa ndani sauti inapanda, ukivutwa nje inashuka. Tuzisogeze zifuate gitare.

Hayo niliyajua tangu utoto. Lakini tangu siku baba alipokufa sikuugusa hata ulimi mmoja. Vile alivyoziacha, ndivyo zilivyokuwa. Niliwaza hivi: sauti ya kinywa chake haikunaswa popote, hata katika simu, sauti pekee iliyobaki ni ile aliyoipanga kwa mikono yake katika vyuma hivi. Nikaomba ruhusa mpaka kesho. Wote walinitazama, hakuna aliyeuliza, nami nikashuka kilima.

Hapa ndipo penye haya, ndugu wasomaji, nami nitapapita upesi. Nilipokuwa kijana nilisoma seminari ndogo miaka 6, tena miaka 2 katika seminari kubwa kabla ya kutoka na kuoa. Mwaka wangu wa pili wa seminari ndogo, Dominika moja ya wazazi, baba alikuja kutoka Kamina kwa gari la moshi. Alivaa koti lake la ulinzi. Alifika mapema, akakaa karibu na lango, akatoa likembe akaanza kupiga ili kupitisha wakati. Sisi tulikuwa tumeanza kujifunza gitare na harmonium. Wenzangu wakachungulia dirishani, mmoja akasema: Tazameni mzee wa kijijini na vyuma vyake; ni wa nani huyo? Mimi nilikuwa pale. Sikujibu. Nikamtuma mdogo mmoja amwambie kwamba niko katika masomo, sina nafasi, asalimie nyumbani. Kutoka dirishani nilimwona akisikiliza, akiitikia kwa kichwa, akifunga likembe katika kitambaa. Alimpa yule mtoto kifurushi cha karanga aniletee. Kiisha akaenda.

Hatukulisema jambo hilo kamwe, yeye na mimi. Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kuzisogeza zile ndimi kwa dakika mbili.

Wakati wa kiangazi saa ya Granada na saa ya Kamina ni moja. Nilimpigia mama simu usiku ule. Nikamweleza yote, ila habari ya lango. Alicheka. Akasema: Mwanangu, nani alikudanganya? Baba yako alizigonga zile ndimi kila mara. Likembe ikianguka, zinasogea. Mvua ikija na mti ukavimba, zinasogea. Siku aliporudi kutoka kukutazama kule seminari, gari la moshi lilikuwa limeitikisa mpaka ikalia kama sufuria. Alikaa mlangoni usiku kucha akiipanga.

Nikamwuliza: Siku ile alisema nini?

Akajibu: Alisema una masomo mengi mno, hata nafasi ya kusalimia hupati. Aliwaambia jirani wote.

Nikanyamaza kwa muda. Mama akadhani simu imekatika, akaita halo, halo. Nikamwuliza: Alipozipanga, alianzia wapi? Akasema: Ulimi mrefu wa katikati. Anauimba kwanza kwa mdomo, kiisha wengine wanamfuata yeye. Akauimba, hapo hapo ndani ya simu. Sina hakika kama ilikuwa sauti sawasawa ya likembe, kwa maana mama hana masikio ya mwalimu wa kwaya. Lakini ilikuwa karibu.

Asubuhi nilipanda kilima na jiwe dogo mfukoni na mpini wa kijiko, nikiwa nimekata shauri. Nikamkuta Mwalimu amefika kabla yangu, macho mekundu. Usiku ule, kwa kukumbuka ulimi wangu mrefu, alikuwa ameshusha nyuzi zote 6 za gitare kidogo kidogo. Kuna kibanio ambacho wapiga flamenko hufunga shingoni mwa gitare, lakini kibanio hupandisha tu, hakiwezi kushusha. Ilimlazimu kulegeza nyuzi zenyewe, na nyuzi zilizolegezwa hazikai, huendelea kuteleza kwa saa nyingi, kila mara unazirudia. Ndiyo sababu hakulala. Mmoroko naye alishusha udi wake, kwake ni kazi rahisi, kwa kuwa udi hauna vizuizi shingoni. Alisema hivyo kwa kujigamba kidogo.

Tukajaribu. Ndimi 7 zilipatana na gitare. Mbili zilikuwa kando kidogo. Hizo nilizisogeza mimi mwenyewe, kwa jiwe na mpini wa kijiko, na mikono haikutetemeka. Ukabaki mmoja, wa saba kutoka kushoto. Ule haukuwa sol, wala haukuwa sol diyezi. Ulikuwa katikati kabisa. Nikainua jiwe. Mwalimu akasema: Ngoja.

Akanieleza jambo ambalo sikufundishwa katika darasa lolote la nyimbo. Flamenko hupenda kushuka la, sol, fa, mi, na kupumzika juu ya mi. Sasa katika kushuka kule sol ni ya chini, lakini akordi ya mi wanayopumzikia inataka sol ya juu. Basi sol mbili zinagombana katika nyumba moja, na ugomvi huo ndio utamu wenyewe. Gitare ina vizuizi vya chuma shingoni. Inaweza kusema ya chini au ya juu tu. Lakini mwimbaji wa kweli, hasa wa kale, hupita katikati, pale pasipo na kizuizi. Akasema: Miaka 50 nasikia waimbaji wakienda pale, nami siwezi kuwafuata. Ulimi wako unakaa pale pale. Usiuguse. Ukifika zamu yake, mimi nitanyamaza.

Kwa hiyo katika wimbo ule kuna pahali gitare inakaa kimya, na ulimi wa saba unasema peke yake pamoja na nzi wake.

Kunasa kwenyewe kulitutoa jasho. Buleria huhesabiwa kwa 12, lakini si kama darasani. Uzito uko juu ya 12, 3, 6, 8 na 10: mbili ndefu, kiisha tatu fupi. Masikio yangu hayakuona shida, kwa maana ngoma nyingi za kwetu pia hutembea kwa 12. Shida ilikuwa mlango. Mimi nilijisikia kuingia juu ya 1. Wao mlango wao ni 12. Mara ya kwanza kengele ya parokia jirani ililia. Mara ya pili kijana wa kahoni alipiga chafya. Mara ya tatu na ya nne nilipotea mimi, na sote tukarudia kwa ajili yangu, nami nikatamani kwenda kujificha Alhambra. Yule mama wa makofi akaleta kiti chake karibu nami. Akasema: Usihesabu, mwanangu, utapata wazimu. Tazama mguu wangu. Nikatazama mguu wake, kiatu cheusi chenye kamba nyekundu. Mara ya tano nilifika mwisho salama, lakini uzi mmoja wa Mwalimu ulikuwa umeteleza.

Mara ya sita ndiyo iliyowekwa katika sahani. Si safi. Mbayuwayu wawili walipita karibu na dirisha wakipiga kelele katikati ya wimbo, na kwa vile tulikuwa chumba kimoja waliingia katika mikro zote. Fundi wa sauti alishika kichwa. Kiisha akasikiliza tena, akasema: Wamo ndani ya kompasi. Kompasi ndilo neno lao la mwendo wa kuhesabu. Sijui kama ni kweli au alichoka tu.

Sahani zilitoka chache, ziliuzwa zaidi mlangoni pa mikutano ya muziki. Mwalimu aligawanya fedha sawasawa kwa wote, hata kwa jirani wa zambomba aliyepiga wimbo mmoja kama mimi. Fungu langu nilinunua nyuzi za nailoni, pakiti 10, kwa vijana wa kwaya yetu, ambao walikuwa wakifunga gitare zao kwa waya za breki za baiskeli. Wengine walilalamika kwamba nailoni ni laini mno na hailii, wamerudia breki. Sina la kuwaambia.

Nilipofika Kamina, mama alikuwa akichambua maharagwe uani. Nikamwekea wimbo kwa simu, kwa kuwa hatuna mashine ya sahani. Alisikiliza, mikono imesimama ndani ya ungo. Ilipofika pale gitare inaponyamaza, akainua kichwa. Wimbo ukaisha. Akasema: Baba yako alipiga polepole kuliko hivyo.

Kiisha akaniambia niweke tena.